Barua ya wazi kwa mawakili wanaovua joho kwenda kuuza mafuta ya bibi

Wajukuu zangu mawakili,

Siku hizi nikikaa na vijana wa fani yetu hapa Tanga nasikia habari moja: fulani kaacha chemba, yaani ofisi ya uwakili, anakamua mafuta ya nazi kama alivyofundishwa na bibi yake Pangani. Mwingine anauza achari, mwingine singo na liwa za kujipaka mwilini. Wazazi wenu wananung'unika, na siwalaumu. Matokeo ya Shule ya Sheria yaliyozua kelele mwaka 2022, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633. Joho linalopatikana kwa shida hivyo, mzazi hataki kuliona limetundikwa msumarini. Ila mimi sina ugomvi na uamuzi wenu. Ugomvi wangu uko kwingine.

Bibi mnamtaja kila mahali. Yuko kwenye lebo, yuko kwenye mahojiano, picha yake ya kanga iko Instagramu. Nikiwauliza mmekubaliana naye nini, naambiwa, "Babu, alinipa baraka zake." Angekuja mteja ofisini kwenu na jibu hilo, mngempa karatasi na kalamu akae chini aandike upya.

Nianze na bei, maana hapo ndipo wengi mnapopotea mapema. Mnachukua bei ya bibi mnaongeza kidogo, mkidhani yeye alikuwa anapata faida. Bibi hakununua kuni, zilitoka shambani. Nazi zilikuwa zake, na Ramadhani ikiingia nazi zikipanda bei, kwake hazikupanda. Aliyekaa juu ya mbuzi akikuna mpaka vidole vikachubuka ni wewe na binamu zako, na ujira wenu ulikuwa machicha na kashata. Toa hayo yote uone kilichobaki. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari; la bibi lilikuwa kichwani, basi mkalisheni mwandike naye angali na kumbukumbu.

Mambo ya serikali sitayakalia sana, mnajua kusoma kanuni. Neno moja tu: bibi alipikia na kupaka nywele kutoka chupa ile ile, lakini TBS, shirika la viwango, lililochukua usimamizi wa chakula na vipodozi kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, itakutaka useme unauza kipi. Amua kabla hujachapisha lebo elfu.

Sasa jina. Mapishi yenyewe hayana hataza, ile haki ya serikali inayomlinda mvumbuzi. Sheria inataka kitu kipya, na mafuta yaliyokamuliwa na mama wa bibi yako si mapya. Kwa hiyo mnakimbilia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kusajili alama ya biashara: miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Vizuri, na mkumbuke kuwa usajili huo hauvuki maji. Zanzibar ina wakala wake. Lakini fikirini mnachokisajili. Mama yako mdogo amekuwa akiuza mafuta hayo hayo sokoni, na watu wanayaita kwa jina la bibi, tangu wewe hujaanza chekechea. Siku utakapopata cheti cha alama yenye jina hilo, una karatasi inayoweza kutumika dhidi yake. Utaniambia huna nia hiyo. Naamini. Je, mwekezaji utakayemuuzia nusu ya kampuni naye hatakuwa na nia hiyo?

Nimesimamia mirathi nyingi. Nyumba na shamba hugawiwa, watu wakanuna kidogo wakasahau. Ugomvi mkali niliouona ulikuwa kwenye vitu visivyo na hati, ambavyo kila mmoja anaapa kwamba marehemu alimwambia yeye.

Na hapa wengi wenu wa pwani mmesahau somo la mwaka wa pili. Katika mirathi ya Kiislamu, mjukuu wa upande wa binti harithi maadamu bibi ameacha watoto wa kiume. Hata akitaka kukuwekea wasia, mwisho wake ni theluthi moja. Basi ukiandika mitambo na kiwanja kwa jina lake kwa sababu ya mapenzi, siku akifumba macho vitu hivyo ni vya mama yako na wajomba zako, na wewe uliyetoa jasho unasimama mlangoni. Ukimpa hisa ishirini ndani ya kampuni, hisa hizo nazo zitakwenda kwa wajomba, nao watakaa kwenye mkutano mkuu wakiuliza gawio liko wapi. Pengine ndicho unachotaka. Kama sicho, mlipe mrabaha, yaani sehemu yake ya mauzo, kwa kila chupa angali hai, fedha taslimu mkononi, na muandike mrabaha huo utakwenda kwa nani baada yake.

Mkataba huo uwe mfupi, kwa Kiswahili anachokielewa yeye, si kile cha mahakamani. Useme jina na picha ni vya nani, nani mwingine ana ruhusa ya kuuza, na iwapo ukifunga biashara jina linarudi wapi. Mama wadogo na wajomba wawepo wakati unasomwa. Waacheni wabishe, ubishi wa leo bei yake ni chai na vitumbua.

Kama bibi anaweka dole gumba, asomewe kwanza mbele ya shahidi, na iandikwe kwamba amesomewa na ameelewa. Wala usithubutu kugonga muhuri wako mwenyewe kwenye karatasi ambayo wewe ni upande mmojawapo. Tafuta wakili mwingine, asiyekula kwenye sinia la familia yenu, na mumlipe ada yake kamili hata kama mlisoma naye darasa moja.

Babu yenu,
wakili mstaafu, Tanga