Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa sponji, vigingi na uzi wa sufu

Mbukwenyi wanachama, na shikamooni wakubwa zangu.

Hii taarifa ya chama chetu cha kuruka na glaida, zile ndege zisizo na injini, hapa Dodoma, naiandika usiku, nimetoka kiwanjani na vumbi bado liko masikioni, kwa hiyo mtanisamehe ikiwa imekaa ovyo ovyo. Katibu alitaka niandike mafanikio, changamoto na mwelekeo, nikamwambia mafanikio ni kwamba tuko wote wazima, mambo ya pesa mweka hazina atayasema mwenyewe siku ya mkutano, mimi niachieni niongelee vile vitu vidogo vya usalama ambavyo mtu unanunua soko la Majengo au unamshonesha fundi, mana mwaka huu karibu kila kilichotutoa jasho kilianzia kwenye kitu cha bei ya sahani ya chipsi mayai.

Nianze na la kwangu, kabla hamjalisikia kwa wengine likiwa limeongezwa chumvi.

Mimi mfupi, hilo halina siri. Kwenye glaida yetu ya viti viwili hata ukisogeza pedali mpaka mwisho miguu yangu inafika kwa kubembeleza. Sasa mwezi wa tisa nikapata akili, nikaenda sokoni kwa wale wanaouza vipande vya magodoro, nikachukua sponji nene, fundi akanivalisha na kitenge kizuri kweli, nikaiweka mgongoni. Chini pale nimekaa kama mfalme, miguu imetulia kwenye pedali, mkono wa kushoto unafika kwenye kile kitasa cha njano cha kuachia kebo bila shida, nikafunga mikanda, nikasema tayari.

Winchi, ile mashine ya kiwanjani inayovuta ndege kwa kebo mpaka inapanda, ikavuta. Wote mnajua ile ndege inavyoruka mbele kama imepigwa teke. Sponji yote ikalala. Mwili wangu ukarudi nyuma kama mtu kanivuta shati, miguu ikabaki inagusa pedali kwa ncha za vidole, mkono wa kushoto unapapasa kitasa unakuta hewa, na mbaya zaidi mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuongozea ndege, mimi nikirudi nyuma na fimbo inarudi na mimi, pua ya ndege ikaanza kupanda wakati hata mbuyu wa mwisho wa kiwanja hatujaupita. Sijui nilisema nini. Nilichosikia ni mwalimu kiti cha nyuma anasema "ninayo mimi", fimbo ikasukumwa mbele, pua ikashuka mahali pake. Tukapanda salama, tukazunguka, tukatua. Mwalimu hakunigombeza, alichofanya aliitoa ile sponji akaikalia palepale kwenye vumbi, ikawa nyembamba kama chapati, akaniangalia tu.

Kama ningekuwa peke yangu na kebo ikakatika pale chini pua ikiwa juu, mwendo unaisha kabla hujajua nini kimetokea, na bawa likishaacha kubeba huko chini huna nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo mwenyekiti wenu alitaka kujimaliza na kitenge.

Na hiyo ni ya mgongoni. Ya kukalia ina ubaya wake mwingine. Watu wengi wanafikiri ukitua kwa kishindo sponji laini ndo inakusaidia, kumbe ni kinyume. Sponji ya godoro inabonyea mpaka mwisho bila kuchukua nguvu yoyote, wewe unakuwa umeshaanza kushuka wakati kiti kinakuja juu, mnakutana, na uti wa mgongo ndo unalipa. Afu ile sponji inarudi kama springi inakurusha juu kwenye mikanda ambayo sasa imelegea kwa sababu umezama. Inayotakiwa ni ile ngumu inayobonyea polepole na kurudi polepole. Jaribio lake halihitaji maabara: weka ngumi, egemea kwa uzito wote, kama ngumi inafika kwenye ubao haraka hiyo ni ya kulalia. Ukiipiga ghafla inatakiwa ikugomee, ukiikandamiza taratibu ikubali, na ukitoa ngumi alama ibaki kidogo ndo ipotee.

Hapa kwetu hili lina uzito zaidi na naomba mnielewe. Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana joto likifika nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi kama uko mita 1,900 hivi. Kipima mwendo kinakuonyesha kilomita 90 kwa saa kama kawaida lakini ardhi chini inapita karibu 99. Ukipiga hesabu ya nguvu ya kishindo, ni kama moja ya tano zaidi ya mtu anayetua na ndege ileile usawa wa bahari kwenye hewa ya kawaida ya nyuzi 15. Kwa hiyo kamati imeamua, na hili sio la kujadiliana, sponji ya godoro haiingii tena kwenye ndege ya chama. Wafupi wenzangu tumetengenezewa ubao wa mgongo na seremala, umefunikwa sponji ngumu nyembamba, na kabla ya kuruka kila anayetumia mto wowote mtu mwingine amsukume mabega kwa nguvu kwenda nyuma, akibaki anafika kwenye pedali na kile cha njano ndo aende. Inachekesha ukiiona lakini tunafanya.

La pili ni kisulisuli. Tunazipenda zile nguzo za vumbi mana ndo zinatuonyesha hewa inayopanda iko wapi, ukiona moja inatembea upande wa Bahi unajua leo kuna kazi. Lakini ileile iliyokunyanyua ikikukuta umepaki inakugeuza. Mwezi wa kumi tulienda kunywa uji chini ya mti, ndege ya kiti kimoja imeachwa, bawa moja limelaliwa na tairi kuukuu, tukasema dakika kumi tu. Kisulisuli kikatoka kwenye shamba la mtama lililovunwa, hakikuwa hata kikubwa, kikapita pembeni, bawa likainuka na tairi likabingirika kama la watoto wanaocheza. Vijana wawili walikimbia wakaning'inia kwenye bawa mpaka kikapita. Hamna kilichovunjika ila mmoja alichanika goti. Tangu siku hiyo tuna vigingi vya nondo, virefu, vya kusokota kama kizibuo, mana ardhi yetu kiangazi ni saruji na masika ni uji, kigingi cha kupigilia tu hakishiki vyote viwili. Kamba zisiwe za katani zinazolegea, na breki za hewa, zile bamba zinazochomoza kwenye bawa, ziachwe wazi ili bawa lisitamani kuruka.

Tukiwa hapohapo kwenye kupaki, kioo. Kile kioo cha juu cha akriliki ukikiacha wazi juani kinakusanya mwanga kama lenzi ya miwani ya babu. Mwaka huu kuna mto ulianza kutoa moshi na mkanda mmoja una doa la kuungua hadi leo, nendeni mkauone. Tumeshona mfuniko wa pamba nyeupe. Na jamani vumbi halifutwi likiwa kavu, kwanza maji mengi, afu mkono na kitambaa laini, na asije mtu tena na petroli au tina, kioo kinaingia nyufa ndogondogo kama utando wa buibui na ukiangalia jua la saa kumi na moja huoni kitu.

Kutua nje ya kiwanja tulikuwa nako mara kadhaa, ndo mchezo wenyewe. Niliyoiona kwa karibu ni ya dada mmoja, hewa inayopanda ilimwishia upande wa Chamwino, akachagua shamba vizuri, akatua vizuri, mbuzi wakakimbia, na baada ya robo saa alikuwa na kijiji kizima. Simu ilikuwa na asilimia nne. Alichokuwa nacho ni maji lita mbili, filimbi na sidii ya zamani ya nyimbo za harusi. Sisi tuko barabarani na gari la kuvuta trela la kubebea ndege tunaambiwa "pale kwenye mibuyu" na kila mahali kuna mibuyu, ghafla tukaona mwanga unametameta mbali, ndo ile sidii, ana kitundu pale katikati anatulenga nacho. Sasa kila ndege ina mfuko wa kitambaa nyuma ya kiti: maji, filimbi, sidii au kioo kidogo, pini na bandeji, biskuti, pawabenki. Mfuko ufungwe kwa kamba, usiwe unaelea, chupa ya maji ikiteleza chini ya pedali ni hatari kuliko kiu.

Na mnywe hayo maji. Kuna wanaume humu hawanywi kitu toka asubuhi kwa kuogopa kukojoa angani, afu saa nane wanaanza kukosea redio na kutua kwa kupepesuka wanasema upepo. Mifuko ya zipu ipo, sponji ya godoro ile ya mwenyekiti imepata kazi yake humo ndani, kwa kina mama kuna utaratibu wao dada zetu wataelekezana. Kofia iwe laini isiyo na kile kifungo cha juu, mana hewa ikikurusha kifungo kinagonga kioo na kichwa kwa pamoja. Miwani ya jua ya polaroidi mjaribu kwanza chini, zingine ukiinamisha kichwa skrini ya chombo inakuwa nyeusi.

Kuna ndugu alituletea kifaa cha kuitia msaada, bei nzuri mno, kinatuma kwenye masafa ya megahezi 121.5 peke yake. Nilikikataa na wengine walininunia. Satelaiti za Cospas-Sarsat, ule mfumo wa kimataifa wa kusikiliza wito wa uokoaji, ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009, zinasikia 406, kwa hiyo kile kifaa kinaita na hamna wa kukusikia labda ndege ipite karibu na rubani awe ameiweka redio hapo. Tukipata pesa tutanunua cha 406 na tutakisajili kwa jina la chama. FLARM nayo, kile kifaa cha kutahadharisha ndege zisigongane, watu wameisema sana, ni kitu kizuri, Waswisi wameitengeneza vizuri, ila inamwona mwenzako tu kama naye anayo, na tai hawana. Pesa hiyo kwanza iende kwenye betri mpya ya redio, mana kuna ndege za abiria zinaingia Dodoma na wanataka kukusikia uko wapi.

Fyuzi za kebo, vile viungo dhaifu kati ya kebo ya winchi na ndege, kwa kifupi. Mwenye winchi alikuta pini ya duka la vifaa vya ujenzi imewekwa mahali pa ile ya kiwandani, aliyefanya anajijua na ameshaomba radhi. Fyuzi ipo ili ivunjike kabla ya bawa. Nyeupe inavunjika kwenye mvuto wa kama kilo 500, bluu 600, nyekundu 750, kahawia 850, nyeusi 1,000, na kitabu cha kila ndege kinasema rangi yake. Ukiweka boliti ya geti umeshaitoa fyuzi, basi.

Parachuti nazo zisitupwe kwenye nyasi, jasho na umande vinaharibu, na tarehe ya kukunjwa upya iko kwenye kadi mfukoni mwake, isomeni kabla ya kuvaa sio baada. Mikanda ya miguu ifungwe. Yule anayesema inambana najua namsema nani.

Nimalizie na uzi, ule tunaoubandika nje ya kioo mbele ya macho ya rubani. Wale ndugu wawili wa Wright mwaka 1902 walifunga kauzi kwenye glaida yao kuona hewa inakuja kutoka wapi, na hadi leo hamna chombo cha bei rahisi kinachosema ukweli kama hicho. Uzi ukienda kulia kanyaga kushoto, ukienda kushoto kanyaga kulia, hata mtoto anaelewa. Lakini wetu jua linayeyusha gundi ya tepu, uzi unanata kwenye kioo, na wiki mbili mzima watu wameruka na uzi ulionata katikati wakijisifu wanazunguka safi. Bibi mmoja jirani wa kiwanja, yule anayetuuzia ubuyu, ametupa bonge la sufu nyekundu iliyobaki kwenye sweta la mjukuu, liko kwenye droo ya juu kulia. Kata kama kiganja, funga ncha moja tu, puliza kwa mdomo uone inacheza.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza saa nne asubuhi chini ya mti uleule. Uchaguzi upo, fomu ziko kwa katibu, mimi kiti cha uenyekiti nitagombea tena ila nitakaa kwenye ubao. Na aliyechukua vigingi viwili vya nondo akafungie ng'ombe, tunajua ni ng'ombe wazuri, lakini avirudishe kabla ya mwezi wa nane.