Si mawimbi yaliyowaua

Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu kuhusu Wazungu waliovuka Atlantiki kwa meli za matanga wakitafuta maisha mapya. Ina mengi mazuri, ila pale inaposema waliokufa njiani walimezwa na mawimbi, napinga. Mimi ni muuguzi, Mtanzania ninayeishi Montreal, na kila niendapo kazini napita kando ya kaburi lao.

Kaburi lenyewe ni jiwe kubwa jeusi, refu kuliko mtu, halikuchongwa wala kung'arishwa. Limesimama katikati ya barabara karibu na Daraja la Victoria, malori yanalipita huku na huku. Mafundi waliojenga daraja hilo waliikuta mifupa ardhini. Mwaka 1859 wakalisimamisha jiwe walilolitoa mtoni, mifupa isije ikavurugwa tena. Maandishi yake yanawataja wahamiaji 6,000 waliokufa kwa homa ya meli mwaka 1847 na 1848.

Homa ya meli ni tifasi (si taifodi, watu huzichanganya), nayo huenezwa na chawa. Wengi wa marehemu wale walitoka Ireland, ambako tangu 1845 viazi vilikuwa vikioza shambani na watu wanakufa njaa. Meli nyingi zilizowaleta Kanada zilikuwa za kubeba mbao. Zikishashusha mbao Uingereza, wenye meli hawakutaka zirudi tupu, wakapakia watu. Chini ya sitaha kulikuwa na vitanda vya mbao vya futi 6 kwa 6, kila kimoja watu wanne, mgonjwa na mzima ubavu kwa ubavu. Nguo ni zile zile walizopanda nazo, na safari wiki sita au zaidi. Kwa hali hiyo chawa mmoja anatosha. Kwenye kisiwa cha Grosse Île, kilichokuwa karantini katika mto Saint Lawrence, walizikwa zaidi ya 5,000 mwaka 1847 peke yake.

Sasa iangalieni meli ya Jeanie Johnston. Nayo ilikuwa ya matanga, nayo ilibeba Waairishi wa njaa ile ile, safari 16 kati ya 1848 na 1855, wala hakufa abiria hata mmoja. Nahodha wake, James Attridge, alikuwa na daktari melini, Richard Blennerhassett. Bahari ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa jinsi watu walivyotunzwa.

Jambo jingine makala haikuligusa kabisa: waliowapokea. Hapa Montreal wagonjwa walilazwa kwenye mabanda ya mbao kando ya mto, na watawa waitwao Masista wa Kijivu wakaenda kuwauguza. Masista wengi waliugua, wengine wakafa. Meya wa mji, John Easton Mills, naye aliingia mabandani kuwahudumia kwa mikono yake, akaambukizwa, akafariki Novemba 1847. Kwa kazi yangu, siwezi kulipita jiwe lile bila kumkumbuka.

Naomba basi toleo lijalo mlisahihishe lile la mawimbi, na muwataje wenye meli.

Msomaji wenu,
Montreal, Kanada