Swali la utafiti liandikwe na pande zote mbili kabla ya andiko kwenda kwa mfadhili

Mhariri,

Mkoa wa Dodoma una Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Makutupora na Hombolo, kile cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Mpwapwa, wizara, na asasi zisizohesabika. Pamoja na ujirani huo, ushirikiano wa wasomi na watu wa miradi mara nyingi huanza siku asasi inapoombwa kusaini barua ya kuunga mkono andiko la kuomba fedha za utafiti, dirisha la mfadhili likikaribia kufungwa. Swali limeshaandikwa, bajeti imeshagawanywa, na asasi imebakiziwa kazi ya kumfungulia mtafiti mlango wa kijiji.

Tazama mashimo ya Chololo, mbinu ya kuvuna maji ya mvua iliyopewa jina la kijiji cha mkoani hapa. Shimo lina kipenyo cha sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Mashimo huachana sentimita 60 mstarini na 90 kati ya mistari, na mistari hufuata kontua, yaani hukata mteremko kwa usawa mmoja. Udongo unaotoka hujengewa kingo kuzunguka shimo. Ndani hutiwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo, ikiachwa nafasi juu ili maji yatuame. Mtafiti akilinganisha mtama wa mashimoni na wa shamba la kawaida, ana cha kuchapisha.

Afisa ugani anapiga hesabu nyingine. Kwa nafasi hizo, ekari moja inachukua mashimo 7,500 hivi. Kila shimo linatoa lita 11 za udongo, kwa hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 80 kwa jembe la mkono, tena kwenye ardhi iliyokauka, maana kazi inatakiwa iishe kabla mvua za Novemba au Desemba hazijashuka. Ukitia lita moja tu ya samadi kwa shimo, unahitaji ndoo 375 za lita ishirini. Asiye na ng'ombe atazitoa wapi, na atazisomba kwa mkokoteni wa nani? Mradi unataka kujua kaya yenye watu wawili wa kulima inaweza robo ekari au nusu, na msimu wa pili kazi inapungua kiasi gani. Hayo hayamo kwenye dodoso kwa sababu aliyeyajua hakuulizwa.

Vipimo navyo vina mtego. Dodoso linauliza magunia mangapi kwa hekta. Mkulima anahesabu ekari, anapima kwa debe, na gunia lake huenda ni lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Mtama uliohifadhiwa ukiwa masuke haujawahi kuingia kwenye gunia, hivyo jibu ni la kukisia. Dawa yake ni kupima kipande cha mita 10 kwa 10, ambacho kwa nafasi za Chololo kina mashimo 185 hivi, kuacha mistari ya pembeni, kupura, kukausha, kisha kuweka kwenye mizani. Afisa ugani aliyefundishwa anaifanya kazi hiyo vizuri, mradi posho yake iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Watu wa miradi nao wana lao. Huchagua mkulima hodari mwenye shamba karibu na barabara ili wageni wafike kwa gari, halafu mavuno yake yanaingia kwenye bangokitita, jedwali la malengo na viashiria vya mradi, kama ndiyo ya kijiji kizima. Takwimu za awali hukusanywa mbegu zikiwa zimeshagawiwa. Kijiji cha ulinganisho, kisichotakiwa kupewa mradi ili tofauti ionekane, nacho hupewa mbegu katikati ya utafiti, kwa kuwa njaa imebisha hodi na hakuna mwenye moyo wa kuwanyima. Hapo hatulaumu huruma. Tunalaumu mpango: vijiji vingepangwa kwa bahati nasibu hadharani, vingine vianze msimu huu na vingine ujao, kila mmoja angejua zamu yake na ulinganisho ungebaki.

Makubaliano ya kurasa mbili yangetosha, yakiandikwa kabla ya andiko. Yataje swali la kila upande, nani anapima nini, na nani anatunza takwimu. Majina na namba za simu za wakulima zitenganishwe na majibu yao, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyodai uangalifu. Kuhusu matokeo mabaya, ambayo ndiyo huvunja urafiki, asasi ipewe siku 30 kusoma rasimu na kusahihisha ukweli, isiwe na mamlaka ya kuzuia uchapishaji.

Lililobaki ni kalenda. Kibali cha utafiti, barua ya mkoa, ya wilaya, ya halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji: mtafiti anayeanza mzunguko huo Oktoba atafika shambani mtama umeshaota. Aanze Machi au Aprili. Mrejesho kwa Kiswahili ufike kwenye mkutano wa kijiji kabla ya Septemba, wakulima wakiwa hawajaamua wachimbe au waache. Nao wafadhili wangetenga fungu dogo la miezi mitatu kwa ajili ya kuandaa swali tu, na wasipokee andiko lisilo na saini ya asasi iliyoshiriki kuliandaa tangu mwanzo.

Wadau wa utafiti na ugani,
Dodoma