Shukrani Zisisubiri Muujiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa sisi wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, kuhusu jambo linalonigusa kila ninapotoka ibadani: tumezoea kumshukuru Mungu hadharani kwa makubwa tu, na yale yanayotuweka hai kila siku, nyumbani na kazini, tunayapita kimya.

Kanisani kwetu, wakati wa ushuhuda, anayesimama ni aliyenunua gari, aliyepata ajira au aliyetoka salama chumba cha upasuaji. Ninafurahi pamoja nao kwa moyo wote. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama kushukuru kwamba wiki nzima watoto wake walilala wameshiba. Hata katika mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada, jogoo na mkungu wa ndizi hushangiliwa, na mayai matatu ya bibi kizee, aliyoyafunga kwenye pindo la kanga, hupita harakaharaka.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu. Alizaliwa Rungwe, ambako Wamoravian walianza misheni yao mwaka 1891, na imani yake aliirithi kwa wazazi wake, ila shukrani zake huzisema kwa Kinyakyusa: ndaga. Miaka kadhaa iliyopita mvua ya Januari ilinyesha mfululizo, ukungu ukaingia katika viazi vyetu, na katika siku chache majani yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Katika ekari mbili tuliambulia magunia matano. Nilichimba kwa hasira, vile vidogo nikiviacha chini. Mama akanifuata nyuma na kikapu, akainama kwa shida, akaokota kila kiazi nilichokiacha, akakipangusa udongo kwa kidole gumba na kusema kwa sauti ndogo, “Ndaga.” Alifanya hivyo hata kwa vile vilivyolingana na yai la njiwa. Nikamwuliza, “Mama, unashukuru nini na shamba limekwisha?” Akajibu bila kuinuka, “Mwanangu, hivi ndivyo tutakavyokula leo. Au wewe utakula vile ulivyovihesabu?”

Jioni ile mke wangu alivichemsha na maganda yake, tukala kwa chumvi. Alipoweka sinia mezani niliviona viganja vyake, vimepasuka kwa baridi na maji ya kuoshea vyombo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, hata Juni na Julai ambapo baridi ya Uyole hukata mifupa, ili nisitoke bila uji tumboni. Kila siku nilikuwa nikikiombea chakula kile, na yeye aliyekipika sikuwahi kumwambia asante. Nilimwambia usiku huo, naye akanyamaza kwa muda mrefu.

Kazini nako nilikuwa na deni. Nilikuwa mtu wa kuwaambia vibarua, “Mungu awabariki, njooni kesho,” ujira wao ukisubiri lori la mnunuzi lifike. Maandiko yanakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri, na majirani zetu Waislamu wanafundishwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Siku hizi natenga fedha kabla sijaita watu, na jioni tunalipana palepale shambani, penye magunia. Naihesabu saa hiyo kuwa sehemu ya ibada yangu.

Wapo watakaosema kwamba shukrani ya namna hii inamfundisha maskini kuridhika na dhiki yake. Mimi sikuliona hilo kwa mama. Ni yeye aliyenisukuma, kabla ya msimu uliofuata, niende kituo cha utafiti wa kilimo hapa Uyole kuuliza mbegu bora na namna ya kupuliza dawa mapema, kabla ukungu haujaonekana.

Uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, tumeuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na jina hilo unalistahili. Natamani mashamba ya viazi na pareto yaliyo miteremkoni tuyatazame kwa macho hayohayo, pamoja na jikoni mwetu.

Ombi langu kwa viongozi wa ibada, tunapoelekea sikukuu za mavuno, ni kwamba watenge muda wa kushukuru kwa mambo ya wiki ya kawaida, na kipaza sauti akabidhiwe kwanza yule bibi wa mayai matatu, atueleze kuku wake anamtunzaje na amemletea Mungu mayai hayo kwa sababu gani.

Wako,
Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya.