Watangazaji watupigie pia santuri za mwanzo za rokenroli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwasilishe ombi kwa watangazaji wa vipindi vya muziki wa zamani katika redio zetu za Unguja na Pemba. Kila inapofika zamu ya rokenroli tunapigiwa Elvis Presley, Bill Haley na wachache wengine wenye majina makubwa, nao wanastahili kusikilizwa. Lakini zipo santuri zilizowatangulia ambazo wengi wetu hatujapata kuzisikia, na bila ya hizo ni vigumu kuelewa muziki ule ulitoka wapi.

Wimbo wa "Hound Dog", kwa mfano, watu wengi huudhani kuwa ni wa Presley, aliyeurekodi mwaka 1956. Ukweli ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya Big Mama Thornton, mwanamke mweusi mwenye sauti nzito, aliyeurekodi mwaka 1952, na santuri yake ilipotoka mwaka uliofuata iliongoza kwa wiki saba katika orodha ya muziki wa Wamarekani weusi. Ipo pia "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis mwaka 1951 kwa sauti ya Jackie Brenston na bendi ya Ike Turner. Inasimuliwa kwamba kikuza sauti cha mpiga gitaa kiliharibika kabla ya kurekodi, kikajazwa karatasi ndani, na ule mkwaruzo uliotokea ndio unaowavutia wasikilizaji hadi leo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha LaVern Baker. Santuri yake ya "Tweedle Dee" ilipoanza kupendwa, mwimbaji mzungu, Georgia Gibbs, aliurekodi wimbo huohuo kwa kuufuata karibu kila kitu, kuanzia mpangilio wa ala hadi namna ya kuimba, na santuri hiyo ya pili ikauzwa zaidi kwa sababu ilipigwa katika redio ambazo waimbaji weusi walipata nafasi finyu. Sheria ya Marekani ilimlinda mtunzi wa wimbo, lakini haikumpa mwimbaji haki yoyote juu ya mpangilio ule. Mwaka 1955 Baker alimwandikia Charles Diggs, mbunge wa Michigan, akiomba sheria irekebishwe, na hakufanikiwa. Naona ni dhulma kwamba hata leo, miaka mingi baadaye, mwanamke huyo hatajwi.

Hapa kwetu desturi ni nyingine. Bi Kidude alipoimba nyimbo za Siti binti Saad, hakuficha kwamba ni za Siti, ambaye alianza kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, na wasikilizaji walimheshimu Bi Kidude vilevile. Heshima hiyo tunaweza kuwapa na waimbaji wa mbali.

Ninachoomba si kigumu. Mtangazaji anapopiga wimbo maarufu wa rokenroli, aupige kwanza kwa sauti ya aliyeutangulia, ataje jina na mwaka, kisha atupigie ule tuliouzoea. Mfano mzuri wa kuanzia ni "Good Rocking Tonight": Roy Brown mwaka 1947, Wynonie Harris mwaka 1948, na Presley mwaka 1954. Zote tatu hazifiki dakika kumi, kwa hivyo zinaenea katika kipindi kimoja na bado wakati ukabaki wa kupokea simu za wasikilizaji.

Msikilizaji,
Kikwajuni, Unguja