Barua kwa Baba Neema kuhusu redio yetu

Mwanga, Kigoma
9 Juni 2024

Ndugu yangu Baba Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku ni wazima, na mama watoto anakusalimu sana, ila tangu juma lililopita sina utulivu moyoni, kwa kuwa redio yetu imepata mmiliki mwingine tena.

Huyu sasa ni wa nne. Wamisionari walioijenga waliikabidhi kwa kanisa sisi tukiwa bado vijana. Kanisa likaelemewa na ankara za umeme, ada za leseni na mafuta ya jenereta, likamwachia mfanyabiashara ambaye, nisimdhulumu, hakuwahi kutuzuia kuhubiri Neno wala kutangaza misiba ya watu. Naye ameiuza kwa huduma moja ya mbali, itakayoleta vipindi vyake kwa setilaiti na kutubakizia sisi wa hapa muda wa saa moja tu kila asubuhi. Karatasi zao ziko sawa, maana leseni ya utangazaji haihamishwi bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na idhini hiyo walikuwa nayo. Sina ugomvi nao kwa hilo.

Kinachoniuma ni orodha ya makabidhiano. Mnara umeandikwa, mtambo wa kurushia matangazo umeandikwa, hata viti vya mapokezi vimeandikwa, lakini kanda hazimo. Kwaya tulizozirekodi Ujiji na Kibirizi, ushuhuda wa wazee kwa Kiha, mahojiano na wavuvi waliookoka na dhoruba ziwani, vyote vilitiwa kwenye viroba na kuwekwa nje ya studio, vikashinda juani siku mbili kabla sijapata habari. Nimevihamishia chumbani kwangu. Baadhi ya kanda zimejikunja kwa joto, na sauti ya marehemu mzee wetu wa kanisa, yule aliyefungua vipindi vya kwanza, siisikii tena ila kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo.

Unakumbuka wazazi wetu walivyotusimulia habari za Sauti ya Injili? Kituo kile cha Addis Ababa, kilichoanzishwa na Walutheri mwaka 1963, kilisikika kwa masafa mafupi hadi huku kwetu, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa katika studio ya Moshi. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha, ikakigeuza kuwa redio ya mapinduzi. Mitambo yote ikapotea siku moja, lakini Moshi ilibaki na studio na watu wake, na ndiyo maana jina la Sauti ya Injili linasikika huko hadi leo kwenye FM. Mimi nasema sisi nasi tunaweza kumwachia mmiliki mpya mnara wake, lakini sauti za watu wetu hakuzinunua, kwani waimbaji wale walikuja bure, wengine kwa mitumbwi, wakiamini kwamba wanaliimbia kanisa.

Nimemwomba mchungaji aandike barua ya kudai kanda zitambuliwe kuwa mali ya kanisa, naye amekubali, lakini ameuliza zimebaki ngapi nzima. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Ulipohamia Tabora ulikwenda na sanduku la nakala, zile ulizozirudufu mwenyewe usiku baada ya matangazo. Naomba uzikague, uniandikie idadi yake, kisha umpe mtu unayemwamini anayekuja na treni azishike mkononi. Usizitie kwenye buti la basi, kwa sababu joto la humo litazimaliza. Juu ya kila kanda andika jina la kwaya, kama bado unalikumbuka, maana wino wa zamani umefifia na huku nimebaki peke yangu ninayezitambua kwa kuzisikiliza.

Msalimie Mama Neema na watoto.

Ndugu yako katika Kristo,
Baba Imani