Mjomba, kwa nini nawabunia maisha watu waliokufa zamani

Mjomba, shikamoo.

Uliposema mbele ya watu kwamba riwaya za kihistoria ni uongo uliobandikwa tarehe, nilinyamaza kwa heshima. Leo nakujibu, tena hadharani, maana nawe ulisemea hadharani.

Unaijua Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kuwa anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote, mjomba: jina la mpagazi hata mmoja hulioni. Na wengi wao walikusanywa kwa nguvu. Nchi gani hiyo waliyoipigania?

Wanahistoria wamefanya kazi yao, nami ninawategemea. Kwao nimejua kwamba mbung'o waliua farasi na punda, mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Nimejua pia kwamba maradhi yaliua wapagazi wengi kuliko risasi, na kwamba kuhara kulichochewa na unga wa mahindi usioiva. Hapo ndipo naanza kuulizauliza. Kwa nini usiive? Mtu kafika kambini usiku, kuni zimelowa, alfajiri ataamshwa abebe tena. Anakoroga, anaonja, unga unamkwaruza koo. Mwenzake amesimama kando anasubiri sufuria hiyohiyo. Avumilie uive, au ale hivyohivyo ampishe? Ofisa hakuliandika hilo. Yeye alihesabu magunia.

Usidhani najiamulia tu. Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 1917 siwezi kuyakausha ili wahusika wangu wavuke. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Simpunguzii hata siku moja, ingawa (nakwambia wewe tu, na kila anayesoma hapa) hizo wiki mbili zimenivurugia sura nzima. Ila yule aliyekuwa bado na sanduku la risasi kichwani, kwa kuwa habari za amani hazijamfikia, huyo nina ruhusa ya kumpa jina, mke na ubishi.

Hofu yako kwamba vijana wataacha vitabu vya historia wabaki na riwaya, naielewa, lakini siigawii usingizi. Ninachokiogopa mimi ni kumchukua mtu wa leo nikamvika kaniki, mpagazi akaanza kuhutubia kama mwanaharakati. Ukiliona hilo kwenye muswada, nichape bila huruma.

Nakuletea sura tatu za kwanza. Yule mbishi wa sura ya pili, anayemkosoa hata mpishi wa kambi, ndiyo, nimemtoa kwako. Simfuti.